Muulize Shangazi: Siku mbili za kutembea Ghana, tuanzie wapi?

Mwezi huu barua zimeelekea upande mmoja tu, Ghana, Ghana, Ghana, sijui vyama vyote vya wanawake wa kitaaluma vimealikwa kwa mpigo au vipi. Basi leo hatujibu ya wakwe wala ya mawifi, leo tunasafiri.

SWALI: Shikamoo Shangazi. Tuko wanawake kumi na wawili wa chama chetu, wengi wahasibu, wanasheria wawili na daktari mmoja. Tumepata mwaliko wa kubadilishana uzoefu na wenzetu wa Ghana, siku kumi, nane za maofisini na mbili za kutembelea sehemu za kihistoria. Sasa hizo mbili ndo zimeleta vita kwenye grupu. Wengine wanataka ngome zote za watumwa na Kumasi na kaburi la Nkrumah na soko la vitambaa juu, wengine wanasema tutakuwa tumechoka tulale tu hotelini. Mi ndo katibu, lawama zote zinaniangukia mimi. Uliwahi kusema hapa kwamba ulienda safari ya hivyo, hebu tupange. – Katibu Aliyechoka

SHANGAZI: Marahaba mwanangu. Pole, ukatibu wa wanawake kumi na wawili ni kazi ya kulipwa mshahara na marupurupu.

Kwanza fungua ramani, maana naona hiyo vita inapiganwa na watu ambao hawajaiona ramani. Ngome kubwa mbili ziko pwani, magharibi ya Accra. Cape Coast ni kama kilomita 150, Elmina iko mbele kidogo tu, kilomita 13 hivi. Kumasi iko bara huko, kama kilomita 250 kutoka Accra kwa njia nyingine kabisa. Ukizichanganya zote kwa siku mbili utakuwa umetembelea basi. Halafu mtaambiwa Accra hadi Cape Coast ni masaa matatu, ni kweli kama foleni ya pale Kasoa imewaonea huruma, isipowahurumia hesabuni zaidi na mbebe maji.

Nayasema haya kwa sababu sisi kosa hilo tulilifanya. Ratiba yetu ilikuwa na sehemu tano kwa siku moja na nusu, imepangwa vizuri kwenye karatasi, ina rangi na nini. Asubuhi mkutano ukachelewa kuisha (mgeni rasmi alikuwa na hotuba, mnazijua hotuba), tukala haraka haraka, tukafika Elmina jua linaelekea kuzama na wenyewe wanakaribia kufunga. Mwongozaji yule kijana alikuwa mstaarabu lakini unaona kabisa anaangalia saa. Tukaingizwa kwenye ua wa wanawake. Ni ua mdogo wa mawe, kuta ndefu pande zote, juu yake kuna kibaraza, na pale sakafuni kuna tufe la chuma, lile la mzinga, limekaa pale. Mwenzetu mmoja, nesi, mtu mpole sana yule, akaweka mguu juu ya lile tufe afunge kamba za kiatu. Mwongozaji akanyamaza. Akasubiri amalize kufunga. Halafu ndo akatwambia kwa sauti ya chini kwamba hapo ndipo walipokuwa wanafungwa mnyororo wanawake waliokataa kupanda ngazi kwenda kwa gavana, wanaachwa juani, na kwamba gavana alikuwa anasimama pale kwenye kibaraza anachagua. Aliyechaguliwa anaogeshwa hapohapo uani, anapandishwa kwa ngazi ya kificho hadi chumbani.

Yule dada hakusema kitu hadi tunarudi Accra. Na sisi wengine hatukupata hata dakika tano za kusimama pale, maana basi lilikuwa linapiga honi nje, tuna sehemu nyingine ya kwenda. Mpaka leo siikumbuki hiyo sehemu nyingine ilikuwa ipi, nakumbuka kile kiatu.

Kwa hiyo Katibu, peleka hoja hii kwenye grupu na usifungue mjadala wa vitambaa: siku hizo mbili ni za pwani, na mnalala Cape Coast. Ondokeni Accra alfajiri, mfikie Elmina moja kwa moja kabla jua halijawa kali, mkae hata masaa mawili. Ile ngome Wareno waliijenga 1482, walifuata dhahabu ndo maana ya hilo jina la Mina, mgodi, habari za watu kuuzwa kwa wingi zikaja baadaye. Waholanzi wakawanyang'anya 1637, na mkitoka mwangalie kilima kilicho ng'ambo, huko juu ndiko walikopandisha mizinga wakaipiga ngome kutokea nchi kavu, wakati Wareno mizinga yao mingi iliangalia baharini. Waingereza wakaichukua 1872. Mwombeni pia mwongozaji awaonyeshe alikofungiwa Prempeh wa Kwanza, mfalme wa Waasante, Waingereza walipomkamata 1896. Alikamatwa pamoja na mama yake, Yaa Akyaa, ambaye ndiye aliyekuwa malkia mama, na wote wawili wakaishia kupelekwa Visiwa vya Shelisheli. Watu wengi hutoka Elmina na stori ya watumwa peke yake, hiyo ya mama na mwanawe hawaisikii kwa sababu hawakuuliza.

Jioni mpumzike. Cape Coast iwe kesho yake asubuhi, halafu mrudi Accra taratibu. Kama mtakuwa na nguvu, njia ya kwenda bara kuna Assin Manso, ule mto ambao mateka waliotembezwa kutoka kaskazini walikuwa wanaogeshwa kwa mara ya mwisho kabla ya kufikishwa pwani. Ila si lazima, naona mnaanza kuniandikia sehemu tano tena.

Ya Nkrumah msiyawekee siku. Pale ni katikati ya Accra, saa moja na nusu inatosha, mnaweza kuchomeka kati ya mikutano. Ni kwenye kile kiwanja cha zamani cha polo alichotangazia uhuru usiku wa kuamkia tarehe 6 Machi 1957. Tafuteni sanamu isiyo na kichwa, waliivunja kwenye mapinduzi ya 1966, kichwa kimewekwa pembeni yake kivyake. Na msiondoke bila kusoma kaburi la pili, la mkewe Fathia, Mmisri, aliyefariki 2007 akaletwa kuzikwa pale kando ya mumewe.

SWALI: Shikamoo Shangazi, nakuomba usinicheke. Mi nina hofu ya vyumba vya giza, na pia moyo wangu mwepesi, habari za utumwa nikisoma tu nalia. Kwenye msafara wetu kila mtu anasema lazima tushuke chini kule Cape Coast, ukibaki juu umedharau wahenga. Nifanyeje? – Moyo Mwepesi

SHANGAZI: Marahaba, na sikucheki. Nani kakwambia kuna mahudhurio yanachukuliwa kule chini?

Vile vyumba ni vya mawe, njia inashuka, hewa inaingia kwa vitundu vidogo huko juu, na baadhi ya waongozaji huzima taa kidogo ili muone giza lilivyokuwa. Kwenye chumba cha wanaume watakuonyesha alama ukutani, inayoonyesha uchafu wa watu ulifika kimo gani. Sasa mtu mwenye hofu ya giza ukimzimia taa pale hajifunzi kitu, anajifunza kuzimia. Mwambie mwongozaji mapema, kabla hamjaanza, pembeni. Wamezoea, kila siku kuna mtu anatoka analia, na si Waafrika tu. Simama karibu na mlango au usishuke kabisa.

Na ukibaki juu usidhani umekosa. Uani pale kuna kaburi la mwanamke mshairi wa Kiingereza, Letitia Elizabeth Landon, alikuja 1838 kama mke wa gavana George Maclean, hakumaliza hata miezi michache akafariki mwaka huohuo. Huko nyuma juu ya vyumba vya wanaume vilevile kulikuwa na kanisa. Yaani watu wanaimba zaburi, chini ya miguu yao kuna watu wamefungwa. Mimi hilo ndilo lililonishinda, zaidi hata ya giza, na nililisikia nikiwa nimesimama juani.

Mlango wa Kutorudi, ule waliopitishwa mateka kwenda kupakiwa melini, nenda, huo hauna giza. Unafunguliwa unakutana na bahari, mitumbwi ya rangi rangi, wavuvi wanashona nyavu zao na kupiga kelele kama kawaida ya pwani yoyote. Ukigeuka kwa nje utaona wameandika Mlango wa Kurudi, maana mwaka 1998 mabaki ya watumwa wawili yaliletwa kutoka Jamaika na Marekani, yakapitishwa kwa mlango uleule kuingia ndani. Hapo ulie tu mwanangu, beba kitambaa.

SWALI: Shangazi, bosi wangu kakubali niende ila kasema zile siku mbili za "kutalii" zinakatwa kwenye likizo yangu. Nifanyeje aone ni sehemu ya kazi? Mimi ni afisa mikopo. – Likizo Yangu Jamani

SHANGAZI: Bosi wako ana haki kama utarudi na selfi sitini na ripoti ya ukurasa mmoja. Basi mpe kitu cha kusoma.

Wewe ni wa mikopo, nenda Makola, soko la pale Accra. Najua mtaambiwa ni soko la kwenda kununua vitambaa, nunua, lakini uliza habari zake. Soko la Makola lilijengwa 1924 na likawa mikononi mwa wanawake, wenye vitambaa, wenye vyakula, wenye sufuria, kila bidhaa na mkubwa wake. Mwaka 1979 uchumi umeharibika, bidhaa hazipo, bei zinaruka, na serikali ya kijeshi ya Rawlings ikawaelekezea kidole wafanyabiashara wale kwamba ndo wanaoficha mali na kupandisha bei, wao wana neno lao la hayo mambo, kalabule. Agosti mwaka huo wanajeshi wakalibomoa soko la Makola namba moja. Wanawake walipigwa, walinyang'anywa bidhaa zao, na bei hazikushuka kwa hilo. Sasa afisa mikopo ukikaa na mama wa pale ambaye mama yake alikuwepo, ukamuuliza walianzaje tena bila benki, hiyo si utalii, hiyo ni semina, tena haina power point. Ila nunua kwanza kitu kwake ndo uulize, usimpotezee mtu muda wa biashara.

Ukimaliza hapo weka kwenye ripoti jina la Esther Ocloo. Alianza na shilingi chache sana, akatengeneza mamaledi akaiuza, akaja kuwa na kiwanda cha kusindika vyakula, baadaye akawa miongoni mwa waanzilishi wa Women's World Banking na mwenyekiti wake wa kwanza, kazi yake ikiwa ni kuwapatia mikopo wanawake ambao benki haziwatazami. Bosi wa mikopo asiyetaka kusikia habari hiyo basi ana shida nyingine.

Na mkipitishwa Uwanja wa Uhuru wa pale Accra, wenzako wakiwa wanapiga picha na lile tao, inua macho uangalie bendera ya Ghana. Aliyeichora ni mwanamke, Theodosia Okoh, mwalimu na msanii. Hiyo mstari mmoja kwenye ripoti inatosha.

SWALI: Shangazi, katika toleo lililopita ulimjibu msomaji kwamba ngome ya Cape Coast ilijengwa na Waingereza. Nimefundisha historia miaka thelathini na moja, naomba usahihishe. – Mwalimu Mstaafu

SHANGAZI: Shikamoo Mwalimu. Nimesimama wima kabisa. Walioanza ni Waswidi, 1653, wakaipa jina la mfalme wao, Carolusborg, na ilipita mikono kadhaa kabla Waingereza hawajaichukua miaka ya 1660 na kuipanua hadi ikawa hiyo tunayoiona. Niliandika harakaharaka. Mwalimu ni mwalimu hata akistaafu.

SWALI: Habari Shangazi. Sisi mawakili tumebahatika, wenyeji wetu wako Kumasi kwenyewe na tutakaa huko wiki nzima. Jumamosi ni yetu. Wengine wanasema Kumasi hakuna cha kuona kama hujaenda pwani, ni kweli? – Wakili wa Bara

SHANGAZI: Aliyesema hivyo mlete hapa. Kumasi ndo penye mjadala ambao wakili anatakiwa ausikie.

Nendeni Makumbusho ya Manhyia. Hilo jumba lilijengwa 1925 kwa ajili ya Prempeh yuleyule niliyemtaja hapo juu, aliporudi kutoka uhamishoni 1924, karibu miaka 28 baada ya kukamatwa. Ndani kuna sanamu za wafalme na malkia mama, ukubwa wa mtu halisi, ukiingia ghafla unaweza kusalimia. Yaa Asantewaa yumo. Alikuwa malkia mama wa Ejisu. Mwaka 1900 gavana wa Kiingereza, Frederick Hodgson, alifika Kumasi akawadai Waasante Kigoda cha Dhahabu, eti akikalie yeye. Kile kigoda hakikaliwi na mtu, hata mfalme hakikalii, ndani yake ndo iko roho ya taifa lao, kwa hiyo hebu fikiria hilo dai lilivyosikika pale. Mfalme yuko uhamishoni, wanaume wakuu wanasitasita, yule mama ndiye aliyesimama vita vikapiganwa. Alishindwa, akapelekwa Shelisheli naye, akafia huko 1921. Kigoda Waingereza hawakukipata.

Sasa ya kisheria. Mwaka 2024 makumbusho mawili makubwa ya London yalileta Manhyia vitu 32 vya kifalme, vya dhahabu na fedha, vingi vikiwa vile vilivyoporwa kwenye vita vya karne ya 19. Vililetwa kwa mkopo. Mkopo wa miaka mitatu wenye uwezekano wa kuongezwa! Sheria za Uingereza zinayabana yale makumbusho yasitoe mali zao moja kwa moja, kwa hiyo njia iliyopatikana ndo hiyo. Mimi si mwanasheria lakini hiyo ya kuazimwa mali ya bibi yako na aliyeiiba nilihitaji kiti. Waulizeni mawakili wenyeji wenu wanalionaje, kuna wanaosema bora vimekuja hata kwa mkopo, watoto waone, na kuna wasiotaka kusaini kitu chochote kinachokiri kwamba mwenye mali ni yule wa kule. Mkikaa mezani jioni na hilo swali hamtaongea tena habari za hali ya hewa.

Na muulizieni nafasi ya malkia mama kwa sasa. Si mke wa mfalme, watu wengi hukosea hapo. Ndiye anayempendekeza mfalme mpya kiti kinapokuwa wazi, na ana baraza lake.

SWALI: Shangazi nina maswali madogo matatu, nivae nini, picha zinaruhusiwa, na kadi ya manjano ni lazima? – Mwenye Haraka

SHANGAZI: Kadi ya chanjo ya homa ya manjano ni lazima, iweke pamoja na pasi, isiwe kwenye begi kubwa. Picha uliza kila unapoingia, kwingine wanaruhusu nje tu, kwingine unalipia kamera. Ndani ya vile vyumba vya chini naomba usitabasamu kwenye picha, niliwahi kumuona mtu kaweka vidole viwili juu, wenyeji waliokuwa wameenda na sisi wakaangalia pembeni kwa aibu yetu. Nguo yoyote ya heshima inayoruhusu kupanda ngazi, maana ngazi ni nyingi na zile za Elmina ni nyembamba. Saa yako irudishe nyuma masaa matatu, ukisahau utampigia mwenyeji wako usiku wa manane kumuuliza kwa nini basi halijafika. Viatu raba, za kuvuta tu, zisizo na kamba.